Salamu za Baba

Machi 3

Nimefika saa nane mchana. Basi halishuki hadi kijijini. Linakuacha juu, barabarani, wewe na mzigo wako mteremke ngazi za mawe mpaka gatini. Nilizihesabu; nilipofika sitini nikaacha, pumzi zilikuwa na kazi nyingine.

Pazuri kweli. Nyumba zimepandana kilimani, kila moja na rangi yake, na chini mashua zimefungwa ubavu kwa ubavu. Watalii wawili walikuwa wanapigana picha mbele ya mlango wa bluu. Mwenye mlango alisimama ndani na beseni lake la nguo, akisubiri wamalize ndipo atoke kuanika.

Nimepanga chumba cha juu kwa mjane mmoja wanayemwita Mama Ngazi, kwa kuwa nyumba yake iko pale ngazi zinapoishia na kila anayepita lazima amsalimie. Alinifungulia dirisha nione bahari.

"Umekuja kupumzika, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Mvua zinaingia. Wenzako wanafunga mizigo, wewe ndiyo unafungua."

Sikumwambia nimefuata nini. Siku ya kwanza tu, na tayari nimedanganya.

Machi 4

Nimemwona kaka yangu.

Banda lake liko mwisho wa gati. Anatengeneza mashua. Alikuwa amepiga magoti chini ya moja, anagongea pamba kwenye mianya ya mbao, nyundo mkono wa kushoto, ulimi ameubana kwenye pembe ya mdomo vilevile kama zamani alipokuwa akikata kitambaa. Kichwa chote mvi. Alipoondoka nyumbani alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na mitatu. Sasa nina arobaini.

Aliinua macho akanitazama.

"Angalia hapo, dada. Lami ya moto hiyo."

Nikasema asante, nikaruka sufuria lake la lami, nikapita. Basi. Siku mbili ndani ya basi kwa ajili ya hilo.

Machi 5

Sikutoka. Nimesema kichwa kinauma.

Machi 9

Niandike wazi nilichokuja kufanya, labda nikikiona kwenye karatasi nitapata haya.

Baba amefariki Januari. Siku tatu kabla ya kufa alinishika mkono, akasema, "Mtafute kaka yako. Mwambie nimemsamehe." Baada ya mazishi shangazi akanitoa pembeni, akanipa anwani. Alikuwa nayo miaka yote, akaogopa kuitaja mbele ya baba. Nikafunga cherehani, nikatundika tangazo mlangoni kwamba fundi amesafiri.

Ujumbe wenyewe ni maneno mawili tu. Hauzidi pumzi moja. Leo nimepita bandani mara nne, na mara zote nne nimeuliza habari za hali ya hewa.

Machi 14

Nilikuwa namsaidia Mama Ngazi kufuta vyombo, nikamuuliza kama vile naulizia mtu yeyote, "Yule fundi wa mashua ana familia?"

"Hakikisha? Hana mtu. Alikuja hapa kijana mbichi, na begi moja. Hakuoa, hakuandikiwa barua, hakutembelewa na mtu."

"Kwa nini Hakikisha?"

Akacheka. "Mtazame jioni akifunga banda. Anamwagia maji jiko la lami, anafunga, anafika hapa kwangu, anageuka. Anarudi kuhakikisha limezimika. Anakuja tena, anarudi tena. Mara tatu kila siku ya Mungu. Watoto wanamhesabia."

Nami nikacheka. Kisha akaacha kucheka yeye.

"Wanaocheka hawajui. Aliniambia mwenyewe mwaka aliokufa mume wangu, tulipokaa matanga. Alichoma duka la baba yake. Alisahau pasi ya mkaa. Anasema mpaka leo hakumbuki kuiacha, lakini nani mwingine angeiacha?"

Sahani niliyokuwa nayo niliifuta mpaka akaniambia, "Imekauka hiyo, mwanangu."

Miaka yote nilidhani aliondoka kwa hasira ya kusingiziwa. Sikujua kwamba mwenyewe ameamini ni yeye.

Machi 15

Mvua ya kwanza. Watalii wa mwisho wamepanda ngazi na mabegi yao vichwani.

Machi 16

Mvua.

Machi 22

Upepo ulichana turubai la banda lake. Nilimkuta anajaribu kulishona kwa sindano ya kamba, anaharibu. Nikamwambia nipe. Tulikaa kwenye magogo asubuhi nzima, mimi nashona, yeye anachonga ubao.

"Umejifunzia wapi?"

"Nyumbani. Ni kazi yangu."

Alishika pindo akalisogeza karibu na macho. "Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa anarudisha mshono nyuma hivihivi mwishoni, mara mbili. Sijamwona mtu mwingine anafanya hivyo."

"Yuko hai?" nimeuliza. Mimi, niliyemvisha sanda, nimeuliza.

"Sijui. Nadhani yuko hai. Ni mtu mgumu." Akapuliza vumbi la mbao. "Nina mdogo wangu pia, wa kike. Kelele kama kasuku. Akiingia dukani wateja wanatoka." Akatabasamu, akiangalia bahari. "Atakuwa mtu mzima sasa."

Nilijichoma sindano. Akaenda kuniletea kitambaa.

Aibu yangu ni hii: nilifurahi leo. Tangu mama afe sijakaa na mtu nikafanya kazi naye bila kuongea sana. Nilitamani nibaki hivihivi, mgeni anayejua kushona.

Machi 26

Mvua. Chai kwake. Hatukuzungumza la maana.

Machi 30

Mama Ngazi ameenda kumwangalia mgonjwa. Niko peke yangu, mvua inapiga bati. Acha niandike.

Siku ile baba alikuwa amekwenda kununua vitambaa. Kaka alipiga pasi suruali mbili, akatoka kumpelekea mteja suti yake. Akaniachia kola moja. "Ukimaliza, mwaga makaa nje." Niliimaliza. Wenzangu wakapita wakikimbilia uwanjani, wakaniita kwa dirisha. Niliiweka pasi juu ya meza, juu ya kitambaa cha sufu, nikasema narudi sasa hivi. Kaka alirudi akiwa na haraka zake, akafunga mlango kwa nje bila kuingia. Mpaka moshi unaonekana, paa lilikuwa limeshashika.

Baba akauliza, "Nani alifunga duka?"

Kaka akasema, "Mimi."

"Pasi ulimwaga?"

Akanyamaza, anatafuta kichwani. Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nimeshika gauni lake. Nadhani alishasahau kama aliniachia kola. Baba hakumpiga. Alimwambia tu asimwone tena, na kaka kwa jinsi alivyo akalichukua neno hilo kama lilivyo.

Hakuna aliyeniuliza mimi. Kwa sentensi hiyo nimejitetea miaka ishirini na saba. Hata baba alipokuwa anakata roho, ananiambia mwambie nimemsamehe, niliitikia kwa kichwa nikasema ndiyo baba. Kwa hiyo nimetumwa kumpelekea mtu msamaha wa kosa langu. Ndiyo maana nauliza habari za hali ya hewa.

Aprili 6

Nitaandika nitakavyoweza.

Mvua haikukatika siku nne. Juu, udongo umeporomoka ukafunika barabara, basi halifiki. Leo asubuhi nilikuwa naelekea bandani na chupa ya chai. Alikuwa chini ya mashua kubwa ya samawati, anaongeza gogo la kuegemeza kwa sababu maji yalikuwa yanachimba mchanga chini ya yale mengine. Nikasikia kitu kama mtu anavunja kuni. Mashua ikalala taratibu, kama ng'ombe anavyolala. Sikumsikia akipiga kelele. Niliyepiga kelele ni mimi.

Wavuvi walikuja mbio wakiwa bado na nyavu mabegani. Walitia mabega, mmoja akahesabu, wakainua kiasi cha kiganja, na Mama Ngazi, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, ndiye aliyeingia kwa tumbo akamvuta. Mguu wa kulia chini ya goti ulikuwa umeangalia upande usio wake.

Wakang'oa mlango wa banda, wakambeba juu yake mpaka zahanati. Muuguzi alipiga simu hospitali, akaongea na daktari, akarudi.

"Hapelekeki leo wala kesho. Nitaunyoosha mwenyewe, daktari ananielekeza kwa simu. Lakini lazima nimchome sindano ya usingizi, na kwa sindano hiyo nataka sahihi ya ndugu. Ndugu yake nani?"

Chumba kizima kilikuwa kimejaa watu waliolowa. Wakaangaliana. Mzee mmoja wa mashua akasema, "Huyu hana ndugu. Sote ni ndugu zake."

"Najua, baba, lakini fomu haitaki sote."

Yeye mwenyewe alikuwa amefumba macho, meno yameng'ata shuka.

"Mimi," nikasema.

Muuguzi akadhani sikuelewa. "Wewe si mgeni wa Mama Ngazi?"

"Mimi ni mdogo wake. Baba mmoja, mama mmoja."

Kaka akafumbua macho. Alinitazama muda mrefu, usoni, halafu mikononi, halafu usoni tena. Alisema kwa sauti ndogo, "Kasuku?"

Nikatia sahihi. Jina la ukoo wetu niliandika mara mbili, la kwanza lililowa.

Aprili 7

Aliamka saa nne. Kabla sijavuta kiti akauliza, "Baba?"

"Amefariki. Januari."

Akageuzia uso ukutani. Baadaye akauliza, bila kugeuka, "Alisema kitu?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Nilikuwa nimekwisha vuta pumzi.

"Alisema amekusamehe," nikasema. Na nikaishia hapo.

Alilia kama mtu anayetapika. Mgongo wote. Alinishika mkono, akanishukuru. Mtu mwenye mguu uliovunjika akanishukuru mimi, akanibusu vidole.

Aprili 11

Kijiji kizima sasa kinaniita Dada wa Fundi. Kila siku kuna mtu anayegonga mlango na samaki. Wanawake waliokuwa wakinijibu "nzuri" bila kusimama sasa wananishika mabega. "Umesafiri siku mbili kumletea kaka yako msamaha," ameniambia mke wa mvuvi mmoja. "Mwenye moyo kama wako ni mmoja kwa elfu."

Sikuwahi kuwa mpweke namna hii hata siku nilizokaa chumbani na dirisha.

Aprili 14

Kaka ametoka zahanati, amerudi kwake. Amenituma nifunge banda. Nilipomletea ufunguo nilisema nitarudi kuangalia jiko. Akasema, "Acha. Mara moja inatosha." Akacheka. Mama Ngazi akatazama chini, akajifuta macho kwa kanga yake.

Aprili 19

Nimemwambia.

Mvua ilikuwa imepumzika. Alikuwa amekaa mlangoni, mguu juu ya kiti, ananipangia mipango: mguu ukipona twende wote nyumbani, akaone kaburi, amkumbatie shangazi. "Nitasimama mbele za watu sasa," alisema. "Nitawaambia ni mimi, na mzee amenisamehe."

Nikaona akisimama mbele ya watu wetu, na mvi zake, anaungama. Nikaweka kikombe chini.

"Kaka, siku ile uliniachia kola."

"Kola gani?"

"Ulikwenda kupeleka suti. Uliniachia kola nimalize, ukaniambia nimwage makaa. Sikumwaga. Wenzangu waliniita nikatoka. Pasi niliiacha mimi mezani."

Uso wake haukukasirika. Ulikuwa kama wa mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kola nyeupe," alisema hatimaye. "Ya shati la mwalimu."

"Ndiyo."

"Nilijua kulikuwa na kola. Nimeitafuta hiyo kola." Akagusa paji la uso. "Nilikuwa najiambia naitunga ili nijitoe."

"Nilikuwa mtoto, kaka."

"Ulikuwa mtoto siku ile. Kesho yake ulikuwa mtoto. Mwaka jana je?"

Nikazungusha kikombe pale chini.

"Baba ulimwambia?"

"Hapana."

"Amekufa akijua ni mimi."

"Ndiyo."

"Na juzi pale kitandani uliniacha nikubusu mkono."

Alichukua magongo yake, akajiinua mwenyewe. Nilipotaka kumshika akasema, kwa upole kabisa, "Usiniguse, tafadhali." Akaingia ndani. Sikusikia komeo. Aliufunga mlango tu, na hiyo ilitosha.

Aprili 20

Nimepeleka uji. Hakufungua. Bakuli nimeliacha kizingitini.

Aprili 21

Bakuli lipo palepale, limejaa mvua.

Aprili 23

Kupitia dirisha langu nimemwona anaenda bandani kwa magongo. Jioni alifunga. Akafika kwa Mama Ngazi, akasimama. Niliomba aendelee mbele. Akageuka, akarudi. Nadhani mwili umezoea, hata kama kichwa kimeambiwa.

Aprili 24

Mvua. Barabara imefunguliwa. Ningeweza kuondoka.

Aprili 27

Mama Ngazi amepanda, akakaa kitandani kwangu. Kaka amemwambia kila kitu. Hakunigombeza.

"Mimi nilidhani ni mtu wa ajabu ajabu," alisema. "Nilimcheka pia, mwanangu, siku nyingine. Kwa hiyo sina mahali pa kusimama nikuhukumu." Akanyoosha shuka kwa kiganja. "Anasema kesho uje gatini, samaki wakishapimwa. Anataka useme mbele ya watu. Amenituma nikuulize kama utaweza."

"Nikikataa?"

"Hakusema. Alisema tu nikuulize."

Aprili 28

Nimesema.

Walikuwa kama arobaini, na mizani, na vikapu. Kaka alikuwa amekaa juu ya boya, mguu ameunyoosha. Hakunitazama. Nilianza, nikakosea, nikaanza tena. Nilisema kola, makaa, wenzangu, dirisha. Nilisema baba alimuuliza kaka nini na mimi nilinyamaza vipi, na jinsi nilivyonyamaza tena hapa kwao wakinipa samaki. Haikuchukua hata dakika tano. Nilipomaliza, ikasikika kamba ikigonga mlingoti, basi.

Yule mzee wa mashua akavua kofia, lakini si kwangu. Alimwendea kaka, akamshika bega. "Hakikisha," alisema, halafu akajirekebisha: "Fundi." Wakamfuata wengine mmoja mmoja. Walimpita kila mmoja akimgusa. Mimi nilisimama karibu na mizani mpaka gati likawa tupu, hakuna aliyenisukuma wala kunitukana. Yule aliyeniambia moyo wangu ni mmoja kwa elfu alipita akiangalia kikapu chake.

Kaka alibaki mwisho. Akasema, "Asante." Kavu, kama mtu aliyerudishiwa chombo chake. Kisha: "Sasa nenda nyumbani. Na huko uwaambie."

"Utakuja?"

"Sijui. Usinisubiri."

Mei 2

Nimeondoka. Mama Ngazi alichukua namba yangu ya simu, akanisindikiza mpaka ngazi ya ishirini, magoti yakamkatalia. Jua lilikuwa limetoka, na kijiji kilikuwa kizuri kama siku ya kwanza. Kwenye basi, kijana na mkewe walinipa simu yao niwapige picha wao na bahari nyuma. Niliwapiga mbili.

Mei 12

Nimewaita shangazi, wajomba, majirani waliokuwepo siku ya moto na bado wako hai. Sita. Shangazi alitoka nje kabla sijamaliza. Mjomba mdogo aliuliza kwa nini sikuliacha jambo hili lizikwe na marehemu. Nikamwambia limezikwa pamoja na mtu aliye hai. Hawajarudi kunitembelea.

Mei 13

Nimeondoa tangazo mlangoni. Wateja wawili.

Mei 19

Hakuna mteja.

Mei 26

Leo mchana, nikiwa katikati ya pindo, simu imelia. Namba nisiyoijua. Nikasikia bahari kabla sijasikia mtu.

"Mimi," alisema.

"Najua."

Nilisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Baba alipofungua tena kazi," akauliza, "alianzia wapi?"

"Barazani. Mashine moja ya kuazima. Mwaka wa kwanza alishona sare za shule tu."

"Na macho? Alikuwa anaona mpaka mwisho?"

"Miwani. Alikuwa anaipoteza, anatulaumu, kumbe iko kichwani."

Nikasikia kama pumzi, labda kicheko. Akauliza alikuwa anakula nini, alikuwa anamkasirikia nani, mama alipokufa alifanyaje. Kila alichouliza nilimjibu. Kuhusu mimi hakuuliza chochote, hata hali yangu. Ilikuwa zaidi ya saa nzima. Mteja aliingia, akaniona, akatoka taratibu.

Mwishoni alisema salio linakwisha.

"Yako mengi bado," nikamwambia. "Ya baba."

"Basi nitapiga," alisema.

Hakusema lini. Nimelimaliza lile pindo, na simu nimeiweka juu ya meza, karibu na mkasi, mahali nitakapoisikia.